Neno Kifafa

Mama mkwe wangu alinichukia kabla sijaanza kuvimba, kwa hiyo nilipovimba hakukosa la kusema. Tulikuwa tunaishi kwenye shamba la mzungu upande wa Kabazi, tukichuma maua ya pareto. Mimba ilikuwa ya kwanza, miezi saba. Miguu yangu ilijaa hata ukiibonyeza kidole kinaacha shimo, na asubuhi niliamka na uso usio wangu.

"Umelala sana," aliniambia. "Mimi nilizaa wanane, na kila mimba nilichuma mpaka siku yenyewe."

Nikachuma, kichwa kikiniuma wiki nzima, juu ya macho.

Siku ya kliniki alinifuata mpaka zahanati ya misheni, ahakikishe sipotezi wakati. Muuguzi wa pale alikuwa mwanamke mfupi, asiyecheka na mtu. Alinipima presha, akapima tena. Halafu akatia mkojo wangu kwenye chupa nyembamba, akauchemsha juu ya taa ya spiriti. Ukaganda mweupe kama ute wa yai.

"Mkojo wa mtu mwenye afya haugandi hivi," alisema. "Mimba imekupandisha presha, na figo zinaumia. Utalala hapa, kesho tukupeleke Nakuru. Ukirudi kwenye kazi utaanguka, na mtoto anaweza kufia tumboni."

"Nyapara wa shamba amempa ruhusa ya asubuhi tu," mama mkwe akasema kutoka mlangoni.

"Basi nyapara aje amzalishe."

Mama mkwe alinishika mkono tukatoka. Hapo hasira yangu hunigeukia mimi mwenyewe. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, nimesikia kila neno, na bado niliinuka nikamfuata.

Siku ya tatu, mchana, nikiwa katikati ya pareto, niliona vimulimuli mbele ya macho. Maumivu makali yakanishika chini ya mbavu za kulia. Nilimwambia mama mkwe, aliyekuwa akichuma mstari wa kando. Akasema nimalize mstari kwanza. Sikumbuki kuumaliza.

Nilizinduka katika hospitali ya Nakuru, chumba kimetiwa giza kwa blanketi dirishani, ulimi wangu nimeuuma mwenyewe. Wanawake wenzangu ndio walionipakia kwenye lori la maziwa. Nilikuwa nimepigwa na degedege mara tatu. Wauguzi walinichoma sindano za kuituliza, kisha wakanianzisha uchungu, kwa maana presha ya namna ile haiishi mpaka mtoto atoke. Alitoka msichana, mdogo wa kuenea kwenye viganja viwili. Alilia.

Mume wangu alikuja baada ya siku nne. Alisimama miguuni pa kitanda bila kumtazama mtoto.

"Mama anasema ni kifafa. Anasema kwenu mlituficha."

"Kwetu hakuna mwenye kifafa."

"Basi ulianguka kwa nini? Wazee wameambiwa tayari. Wanasema urudishwe kwenu."

Nilimwita muuguzi wa wadi, nikamwomba amjibu yeye.

"Watu hukiita kifafa cha mimba," muuguzi akamwambia, "lakini si kile kifafa unachofikiria. Hiki kinaletwa na presha, na presha yake ilionekana siku tatu kabla. Muuguzi wa zahanati alituandikia barua, ninayo hapa. Muulize mama yako ni nani aliyemtoa kule."

Mume wangu hakuwa ameambiwa kwamba nilifika zahanati. Alichukua kofia yake, akaenda. Sikurudishwa kwetu, lakini hakuna aliyeniomba msamaha. Mama mkwe aliendelea kulitembeza neno lile kisimani na kanisani, na mume wangu hakumkanya hata mara moja mbele yangu.

Mimba ya pili sikumwomba mtu ruhusa. Nilianza kliniki mwezi wa tatu, na kila nilipoitwa nilikwenda, nyapara akipenda asipende. Mwezi wa nane presha ikapanda tena, kichwa kikiwa bado hakijauma. Siku hiyohiyo nililazwa. Nililala wiki tatu, nikipimwa asubuhi na jioni, na mtoto akazaliwa mzito.

Mama mkwe alikuja na chupa ya uji. Muuguzi akauliza kama amruhusu.

"Mwambie nimelala," nilisema.

Alikuwa amesimama mlangoni, ananiona macho yangu yakiwa wazi. Nilimkodolea hivyo hivyo mpaka akageuka akaondoka na uji wake.