Lenzi Pana ya Mwalimu wa Ekerenyo

Juzi nilinunua lenzi. Usinicheke, rafiki yangu: mtu wa umri wangu, mwenye duka la dawa mjini Nyamira na magoti yanayolalamika kila mvua ikinyesha, ameanza kutazama nyota. Darubini niliipata ya mtumba, na ilikuja na lenzi moja tu ya kuwekea jicho, nyembamba kama tundu la ufunguo. Muuzaji wa Nairobi akanitumia picha za lenzi mbili zenye uwanja mpana. "Hii ya digrii themanini na mbili, madam, utaona anga kama umekaa dirishani," akaniandikia. "Hiyo nyingine ni sitini na nane tu." Nikamuuliza swali moja: mtu mwenye miwani anaweza kutazama bila kuivua? Akasema kwa hiyo ya sitini na nane, ndiyo. Nikaichukua hiyo. Kisha nikafunga duka mapema, nikakaa nyuma ya kaunta, maana swali lile silo langu. Ni la mwalimu wetu wa sayansi kule Ekerenyo, na mimi ndimi niliyemharibia maisha.

Nililelewa na nyanya kwenye mgongo wa kilima juu ya soko la Ekerenyo. Tuliamka umande ukiwa bado kwenye majani chai, kikapu kikinilowesha mgongo hadi kiunoni, nachuma majani mawili na chipukizi mpaka saa ya kukimbia shuleni. Jioni nyumba ilinukia mboga ya chinsaga ikichemka kwa maziwa, na nyanya alisonga ugali wa wimbi akiwa amepiga magoti, miwani yake ikifunikwa na mvuke. Miwani ile alipewa na madaktari wa macho waliopita siku moja, na aliitunza kuliko sahani zake za wageni. Hakuwa mtu wa maneno mengi. Akiniona nimetoka kwa majirani na habari mpya, alisema tu, "Jicho halina kosa, mwanangu. Kosa huanzia mdomoni."

Mwalimu alikuwa kijana, hajaoa, amepanga chumba kwa jirani yetu, mama mjane aliyefuga mbuzi. Darubini aliinunua kwa mgeni aliyekuja kujitolea shuleni na sasa alikuwa akirudi kwao: bomba jeupe, nene kama pipa dogo, lenye kioo kikubwa chini kabisa. Jioni mbili kwa wiki, baada ya chajio, alilisimamisha uani na sisi watoto tukapanga foleni huku mbuzi wakitafuna nyuma yetu.

Shida ilikuwa lenzi yake. Ilivuta sana lakini ilionyesha kipande kidogo mno cha anga. Dunia inazunguka, alitueleza, na tundu ni dogo, kwa hiyo nyota haingoji mtu. Mtoto wa kwanza aliona pete za Zohali, wa pili akaona nusu, wa tatu akaona giza na kuanza kulia kwamba ameonewa. Mwalimu alisukuma bomba, akatafuta upya, na hivyo hivyo mpaka mama zetu wakaanza kutuita.

Basi siku moja akaleta lenzi mbili pana, alizoazimwa na rafiki yake wa Kisumu kwa wiki moja ili achague atakayoinunua. "Mtanisaidia kuchagua," alisema. "Lakini kila mtu aseme sababu."

Mimi nilishikilia ile pana zaidi. Nilipoinamia nikaona Kilimia chote, lile fundo la nyota, kimejaa mbele yangu, na nafasi bado imebaki, hata nikahisi nitaangukia ndani.

"Tazama pembeni," mwalimu akasema. "Nyota zikoje?"

"Zimevutika. Kama zina mabawa."

"Na nyota hazina mabawa. Pembeni lenzi hii inadanganya."

"Sijali pembeni, mwalimu." Wenzangu wakacheka.

Wakati huo nyanya alikuwa amekuja kunichukua. Mwalimu akamkaribisha. Kwa lenzi yangu ilimbidi avue miwani na kulibana jicho kwenye mpira wa lenzi, na alichokiona ni ukungu. Kwa ile nyingine alitazama na miwani yake usoni, kwa raha, akabaki ameinama mpaka tukadhani amesinzia.

"Kumbe ni nyingi hivi," alisema. "Miaka yote hii nimehesabu sita."

"Basi tumechagua," mwalimu akasema.

Nilinuna. Nikamwuliza kwa nini sote tunyimwe kwa ajili ya mzee mmoja. Hakukasirika. "Lenzi ambayo nyanya yako hawezi kuitumia," alisema, "hiyo siwezi kuiita pana."

Na ni kweli kwamba tangu hapo mama zetu walianza kuja, na mjane mwenye nyumba, na hata mpishi wa shule. Foleni ikafika kwenye migomba.

Sasa nisikilize vizuri. Jumamosi moja alasiri, siku ya Sabato, mwalimu aliweka bomba uani mapema akaenda mtoni kuchota maji. Nilikuwa peke yangu. Ile lenzi ya zamani ilikuwa dirishani kwenye kijisanduku chake. Nikatoa ile pana, nikaweka ile nyembamba, nikaelekeza bomba kwenye mlima wa ng'ambo. Darubini ile ilionyesha vitu juu chini, na hapo nikamwona mtu amening'inia kichwa chini, amevaa koti la mvua la manjano, anachuma chai. Koti lile kila mtu alilijua. Lilikuwa la mzee wa kanisa letu, aliyetoka kutuhubiria asubuhi ile kuhusu kuitakasa Sabato.

Nilicheka hadi nikaketi chini. Kabla jua halijatua nilikuwa nimewaambia watoto sita, na kufikia Jumatatu habari ilikuwa imevuka mto.

Mzee hakuitaja chai hata kidogo. Aliitisha mkutano shuleni, sisi watoto tukajibana madirishani. "Mwalimu," alisema, "bomba lako linaingia nyumba za watu. Wake zetu wanaoga, na wewe, mtu asiye na mke, unawatazama. Nani alichungulia bomani kwangu siku ya Sabato?"

Mwalimu mkuu alikuwa akiangalia viatu vyake. Mwalimu wetu akageuka taratibu kuelekea dirishani, na macho yake yakanikuta. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Niliogopa fimbo, na niliogopa zaidi nyanya aibishwe kanisani. Nikainama chini ya dirisha. Nikasikia sauti yake ikisema, "Ni mimi."

Jioni hiyo wana wa mzee wakaja na jembe. Asubuhi yake nilikuta vipande vya kile kioo kikubwa vimetapakaa uani, mbuzi wakivikwepa. Mjane alishurutishwa kumtoa chumbani, mwalimu akahamia chumba cha sokoni, na baada ya miezi miwili barua ya uhamisho ikaja. Nyanya hakuniuliza lolote. Ila tangu siku ile hakuniambia tena neno la siri, mpaka tulipomzika.

Miaka mingi baadaye nilisimama soko la Keumbu kununua ndizi. Mfanyabiashara mmoja alikuwa akipakia lori, na nikaijua sauti kabla ya uso.

"Mwalimu," nikaita.

"Mimi si mwalimu." Akanitazama. "Wewe ni wa yule nyanya wa miwani."

"Mimi ndimi niliyetazama siku ile."

"Najua. Lenzi niliyoiacha kwenye bomba siyo niliyoikuta."

"Mbona hukusema?"

"Ulikuwa mtoto." Alikaza kamba ya mkungu kwa goti. "Nilidhani utakuja kusema mwenyewe kesho yake. Kisha nikadhani labda wiki ijayo. Huko waliponihamishia, maneno yalifika kabla yangu, wazazi wakawaondoa wasichana darasani kwangu. Nikaacha kazi."

"Nisamehe, mwalimu."

"Nimekusikia," alisema, kisha akampigia kelele mpakiaji: "Pandisha hiyo!" Hakunitazama tena.

Nimeshapanda Ekerenyo na darubini na lenzi yangu mpya. Boma la nyanya limegawanywa, na kila nyumba ya mlima ule sasa ina taa kubwa nje ya kufukuza wezi. Anga limepauka, Kilimia hukioni mpaka ujue pa kutafuta. Niliwaita watoto wa hapo waje watazame. Walikuja wawili, wakatazama kidogo, wakauliza kama inaweza kupiga picha. Siwalaumu. Mtu wa kuwafundisha kutazama alikuwepo, angekuwa anakaribia kustaafu sasa, akiwa amewapitisha watoto uani pale kwa miaka thelathini. Yuko Keumbu anauza ndizi, na akipita dukani kwangu haingii.