Wakikuita Porini, Itika

Nakumbuka siku moja wakati wa mvua, nilipopotea katika pori ng'ambo ya uwanja wa ndege wa Luano, maziwa yakiniloanisha blauzi na mtoto wangu akinilia nyumbani. Nakueleza, mwanangu, kwa sababu jana nilikusikia pale kwenye cherehani ukiwaambia wenzako kwamba wewe ni mtoto wa mjini, pori halikuhusu. Nilicheka peke yangu. Maneno hayo hayo niliyasema mimi nikiwa na miaka ishirini na miwili.

Nilizaliwa hapa hapa mjini, mtaa wa Kamalondo, baba yangu fundi wa nguo. Mama mkwe alikuwa mtu wa kaskazini mwa Katanga, mjane wa mfanyakazi wa reli, na alikuwa amejenga nyumba ndogo huko nyuma ya Luano, analima mahindi yake. Tulikwenda kumsalimu, mimi na bwana yangu na mtoto wetu wa kwanza, Ngoie, mwenye miezi mitatu. Asubuhi mama mkwe akaniambia, "Twende tukachume uyoga." Ngoie nikamwacha na dada ya bwana yangu, nikasema nitarudi kabla njaa haijamshika.

Njiani mama mkwe alikuwa akinifundisha. "Unaona jua iko wapi?" Naona, mama. "Unageukaka nyuma, unaangalia njia vile itakuwa ya kurudia?" Ndiyo, mama, najua. Najua nini? Sikujua kitu! Lakini kulikuwa na wanawake watatu majirani pamoja nasi, na sikutaka waseme bibi arusi wa mjini ni mjinga.

Sasa, wanawake wa huko wana desturi yao. Wakiingia porini kila mmoja anafuata jicho lake, lakini kila baada ya kitambo mmoja anaita, "Weee!" na wengine wote wanaitika. Mimi niliona haya. Huku kwetu Kamalondo mwanamke aliyeolewa akipiga ukelele wa namna ile, majirani wote wanatoka nje kuja kuamua ugomvi.

Badala yake nikajiwekea alama. Nikachagua kichuguu kikubwa, kirefu kushinda nyumba, miti imeota juu yake, nikakifanya kona ya barabara yetu: ukifika hapo, pinda kushoto. Ee Mungu wangu! Vichuguu vya Katanga nani amevimaliza kuvihesabu? Nilichuma uyoga mara nne, nikageuka, nikakiona kichuguu changu. Nikapinda kushoto. Mbele yangu kingine, kirefu vilevile, na miti yake juu. Na nyuma ya hicho, kingine tena.

Ndipo nikasikia mama mkwe ananiita. "Weee! Mama Ngoie!" Nilimsikia vizuri kabisa, mwanangu, nisikudanganye. Lakini sauti ilikuwa imeshakwenda mbali, na mimi nina uyoga nne tu katika beseni. Nikiitika, wote watajua nimepotea. Nikanyamaza. Nilijiambia nitafute njia kwanza, nitokee kama hakuna kilichotokea. Akaita mara ya pili, kwa mbali zaidi. Halafu sikusikia tena.

Maziwa yakaanza kutoka. Kifua kinauma, na mtoto wako ukijua anakulia, akili inaruka. Nikasikia ndege inashuka ndani ya mawingu. Nikajua Luano iko karibu, lakini upande gani? Nilikimbia huku, nikarudi kule, mwisho ile haya yote ikaniisha. Niliita mpaka koo likakauka. Niliita jina la mama mkwe, la mama yangu, hata la Ngoie mwenyewe, kana kwamba mtoto wa miezi mitatu atakuja kunichukua.

Mama mkwe akanijibu kutoka nyuma yangu, upande nilioupa mgongo. Alitokea bila kitambaa kichwani, miguu tope tupu, anahema.

"Ulisikia tulikuita?"

"Nilisikia, mama."

"Na juu ya nini haukuitika?"

"Niliona haya."

Aliniangalia kwa hasira, halafu akanikumbatia kwa nguvu. "Weye utaniua siku moja! Haya yako inanyonyeshaka mutoto? Kesho utarudi hapa na miye, na utaniuliza mpaka nichoke."

Ngoie tulimkuta amelia mpaka sauti imekwisha. Alinyonya akishika kidole changu, na mimi nikalia juu ya kichwa chake. Majirani walipouliza, mama mkwe aliwajibu kwamba tulikuwa wawili tukitafuta uyoga mbali. Mpaka leo namshukuru kwa neno lile. Na kesho yake tulirudi kweli. Nilimuuliza mpaka akachoka, msimu mzima ule wa mvua na mingine iliyofuata, na leo naingia pori lolote bila kutetemeka. Hayo yote ni zawadi yake, apumzike kwa amani.

Basi sikiliza. Jumamosi tunakwenda, wewe na wenzako wa cherehani. Kabla ya kuingia tazama jua. Geuka nyuma mara kwa mara, maana njia ya kurudi ina sura nyingine. Uyoga usioujua, uulize au uuache. Na nitakuita. Ukiwa na beseni tupu, itika. Ukiona umepotea, usingoje kuipata njia kwanza. Itika hapo hapo ulipo, hata kwa machozi. Sitakucheka. Au nitacheka, lakini nitakuwa nimeshakushika mkono.

Mungu abariki miguu yako, mwanangu, popote utakapokanyaga. Na kila utakapochelewa, akupe mtu wa kukuita kwa jina lako.