Nilimkataza dada antibiotics za samaki, nikamtumia bakteria hai kwa container

Wakuu, amani kwenu. Leo sina ubuyu wala ubishi. Haya yamenikuta mwenyewe, sijaongeza chumvi.

Niko Guangzhou. Nanunua mizigo mtaa wa Xiaobei natuma Dar: vigae, mabomba, taa. Ukinitajia kitu chochote, mimi nawaza container.

Dada yangu Zuhura ana mabwawa matatu ya sato Mkuranga. Ndiyo anayosomeshea watoto tangu afiwe na mume.

Mwaka huu sato wakaanza kuogelea wakizungukazunguka, macho yamewatoka, kisha wanaelea. Bwana samaki akasema ni bakteria. Dada akawapa antibiotics kwenye chakula. Wakatulia, wakaanza tena. Awamu ya tatu dawa ikawa inapunguza vifo tu.

Mimi mjuaji nikadakia. Huku kuna wafugaji wanaochanganya bakteria rafiki kwenye chakula, ambao huwabana wale wabaya tumboni mwa samaki. Bwana samaki alisema huenda ikasaidia, ila hakuahidi.

Mimi ndiye niliyeahidi.

"Dada, achana na hizo antibiotics kabisa. Nakuletea kitu."

"Sawa mdogo wangu. Nakusikiliza wewe."

Akaacha.

Muuzaji ni mama mmoja mpole, tuliongea kwa app ya kutafsiri. Akaandika: hawa ni hai, watume kwa ndege, wakiwa kwenye baridi. Nikamjibu "hao, hao, laoban", yaani sawa sawa bosi, huku nawaza yangu. Poda ni poda. Nimeshatuma poda za kila aina.

Wakuu, nikazichomeka katikati ya maboksi ya vigae.

Container likakaa juani bandarini Nansha likisubiri meli, kisha wiki kadhaa baharini. Mnajua joto la ndani ya lile bati.

Huko Mkuranga dada anaopoa mizoga kila asubuhi na kunitumia voice: "Mzigo umefika wapi?" Antibiotics anazo kabatini, hazigusi, kwa sababu nilimkataza.

Mzigo ulipofika akalisha siku ya kwanza, ya pili, ya tano. Samaki wakazidi kufa.

Nikamrudia yule mama kulalamika, tena kwa sauti. Akaniuliza kitu kimoja tu: ulituma kwa ndege?

Nikamjibu: kwa meli, ndani ya container.

"Meiyou le," akasema. Hakuna kitu tena, wote wameshakufa. Wala hakunicheka, na afadhali angenicheka.

Nilikaa kwenye ngazi za metro nikalia, mtu mzima na ndevu zangu. Watu wananipita tu.

Mabwawa mawili yamekwisha. La tatu wamebaki wachache, na sijui kama watafika wiki ijayo.

Nilichojifunza: kitu hai hakisafirishwi kama vigae. Na usimsimamishie mtu dawa, hata kama ina nguvu kidogo, wakati mbadala wenyewe haujafika na wala hujaujaribu.

Ila kinachonimaliza ni kwamba dada hajui. Anadhani ugonjwa ulikuwa mkubwa mno.

Jana kanitumia picha. Pakiti mbili zilizobaki kaziweka kwenye friji yake, pembeni ya maziwa ya watoto. Anasema anawatunzia vifaranga wapya wa sato, maana mdogo wake alihangaika sana kuzipata.

Nimeandika "dada nisamehe" mara nne, nimefuta.

Mliowahi kumwambia ndugu yenu jambo kama hili, mlianzaje? Hata matusi nayapokea.