Ndara Zisizo Zangu

Wanaume wa baraza ile walitutambua kwa miguu. Nikabu inaficha uso na baibui linaficha umbo, lakini ndara hazifichiki, na mtaani kwetu Mtambile kila mtu anajua ndara za mke wa fulani ni zipi: hizi zina ukanda wa kijani, zile zimefungwa uzi wa mshipi baada ya kukatika. Baraza yenyewe ni ya duka linalotazamana na kituo cha afya, na mchezo wao pale ni dhumna. Siku ya uzazi wa mpango mchezo ulikuwa sisi.

Basi tukabuni la kufanya. Nyuma ya nyumba ya jirani mmoja aliye karibu na kituo tulikuwa tukivua ndara, huyu akavaa za yule na yule za huyu, kisha tunavuka barabara huku wao wakibishana ni mke wa nani aliyepita. Tulikuwa tukicheka mpaka tunashikana mabega. Leo nikikikumbuka kicheko kile naona haya. Watu wazima, tuna watoto wa skuli, tunanyemelea kama wezi wa kuku kwenda kuchomwa sindano ambayo serikali inaitoa bure.

Mimi sindano ile niliihitaji. Uzazi wangu wa mwisho nilitoka damu mpaka nikazimia njiani nikipelekwa hospitali ya Mkoani, na muuguzi wetu wa kituo, tunayemwita Bi daktari, akaniambia bila kuzunguka kwamba nikishika mimba nyingine upesi hivyo, hana uhakika wa kuniona tena. Nilimweleza mume wangu. Akasema mpaji ni Mungu, akachukua kofia yake akaenda barazani. Tangu siku hiyo nikawa nakwenda bila ya kumwambia. Nikiwa ndani nasubiri, nilikuwa nasikia kicheko chake kutoka ng'ambo ya barabara, maana ana kicheko cha kukoroma na huwezi kukikosea. Yeye hakuwa mtu wa kutukana. Wenzake walitukana, yeye akacheka, na hata leo sijui kipi kiliniuma zaidi.

Siku moja nilichelewa kutoka, mwenzangu akawa keshaondoka na ndara zangu. Nikarudi nyumbani na zake, za zambarau, kubwa kuliko mguu wangu. Mama mkwe, ambaye tunaishi naye, alikuwa uani ameketi upande upande kama kawaida yake, anachambua karafuu. Akazitazama zile ndara.

"Zakupwaya," akasema, akarudi kwenye karafuu zake.

Nikajisemea bibi huyu keshazeeka, hafuatilii tena mambo ya watu.

Hatukuwa na ugomvi mimi na yeye, ila mimi nina ulimi. Alikuwa akifukiza udi asubuhi, mchana na jioni, chumba chake kinanukia kama cha bi harusi, nami jikoni nikinung'unika kwamba udi ni ghali na nyumba hii si ya sultani. Nguo zake hakunipa nimfulie hata siku moja. Nikiamka, zake zishaanikwa. Hayo nayo niliyaita maringo, na niliyasema kwa sauti ya kutosha kumfikia.

Halafu mwenye duka la baraza ile akatangaza kwamba watasoma Halbadiri. Kwetu hilo si neno la mzaha. Halbadiri husomwa mtu akiibiwa na mwizi asijulikane, na watu wanaamini dua hiyo itamfuata popote alipo, avimbe tumbo au apate wazimu. Sasa ingesomwa juu ya kila mwanamke anayeingia chumba kile cha uzazi wa mpango, na juu ya anayemhudumia. Shehe wa msikiti alikataa katakata, akasema dua hasomewi mtu anayetafuta dawa. Lakini khofu ilikuwa imeshaingia majumbani na haikumsubiri shehe. Siku chache baadaye jiwe likavunja dirisha la chumba na kumpiga muuguzi begani. Akafunga mlango, akasema hafungui mpaka ahakikishiwe usalama wake na wetu.

Siku ya sindano yangu ikapita. Nikawa na ugonjwa mpya kila tukipanda kitandani: leo kichwa, kesho kiuno, keshokutwa jino. Nilipopata siku zangu nilimshukuru Mungu chooni peke yangu, nikalia.

Sheha, kiongozi wa serikali mtaani kwetu, akaita mkutano uwanjani pa kituo baada ya sala ya alasiri, akaja na askari. Wanawake tukakaa chini mbele, wanaume wakasimama nyuma. Mama mkwe aling'ang'ania kuja, nami nikashangaa ana shughuli gani na jambo hili.

"Kumzuia mtu na matibabu yake, kwa jiwe ama kwa maneno ya kumtisha, ni kosa," akasema sheha. "Sheria ipo, na askari huyu hapa. Lakini kesi yataka mlalamikaji. Nani kati yenu alikuwa akija hapa, akatishwa?"

Niliwaangalia wenzangu wa ndara, kila mmoja anachora mchanga kwa kidole. Sheria ilikuja kutulinda, na kitu cha kwanza ilichotutaka ni tujifunue: simama, taja jina lako, sema unakwenda kufanya nini mle ndani, na mume wako yuko nyuma anasikiliza. Niliinamisha kichwa.

"Kama hakuna," sheha akasema, "basi Bi daktari atahamishwa, na chumba kitabaki hivyo hivyo."

Nikasikia mkono juu ya bega langu. Ni mama mkwe, ananitumia mimi kujiinulia. Alisimama kwa taabu.

"Mie," akasema.

Mwenye duka hakujizuia. "Yakhe! Bi mkubwa naye ataka sindano ya uzazi!"

Watu wakacheka, na katikati yao nikakisikia kile kicheko cha kukoroma. Kilikatika ghafla, mwenyewe alipochungulia juu ya vichwa vya watu akaona ni nani aliyesimama.

"Chekani," akasema mama mkwe. Sauti yake haikupanda. "Mie kizazi kimenishuka, tangu nilipomzaa huyo alokuwa akicheka hapo nyuma. Mkojo sina amri nao. Mukiniona napita mukidhani nakwenda Ole kwa dada yangu, nilikuwa nakuja hapa. Bi daktari kanitia pete ya mpira ya kukizuia, na pete yataka kutolewa ikasafishwa. Tangu mulipovunja dirisha haijasafishwa. Natoka uchafu, nanuka, na udi umenishia." Akamgeukia sheha. "Andika, Sheha. Alotishwa ni mie."

Mimi nilikuwa nimekaa miguuni pake, mkono wake bado uko begani kwangu, na kichwani mwangu mlikuwa na neno moja tu, udi. Mwaka mzima nilimhesabia mwanamke huyu udi wake. Aibu ilinipanda hadi masikioni. Ningeweza kusimama wakati ule, nikawa wa pili, njia alikuwa keshaifungua kwa mwili wake. Sikusimama. Wala wenzangu hawakusimama. Tuliwacha mlalamikaji wa chumba kile awe ajuza mmoja.

Mume wangu alikuja mbele, kofia mkononi, akataka kumshika mama yake asianguke. Hakujua amshike wapi. Mwishoni alikaa chini kando yangu, mahali pa wanawake, na hakuna aliyemwambia aondoke.

Mwenye duka alichukuliwa maelezo, akaonywa mbele ya watu kwamba akirudia atafikishwa mahakamani, na dhumna ikahamia upande wa soko. Dirisha likapigwa ubao. Muuguzi akafungua.

"Mpeleke mama," mume wangu akaniambia asubuhi hiyo, akitazama chini.

Nikampeleka. Njiani tulikutana na watu, na kila aliyetusabahi nilimjibu kwa sauti kabla hajauliza: "Nampeleka mama." Nilimwambia muuza samaki, nikamwambia na mwalimu wa madrasa. Sauti yangu ilitoka nyepesi sana. Mama mkwe alikuwa akitembea polepole, ameegemea mkono wangu.

Ndani, wanawake walikuwa wamejaa kwenye mabenchi. Muuguzi akatoka, akatuona, akauliza nani aanze. Nikafungua mdomo kusema ni mama.

"Aanze huyu," mama mkwe akaniwahi, na wote wakamsikia. "Yeye ndo aliyekosa sindano yake. Mie nimemsindikiza tu."

Nilibaki nimesimama. Akanivuta baibui kidogo, nikainama, akanisemesha sikioni.

"Ingia, mwanangu. Leo hata ndara umevaa zako."