Maneno Yaliyokuwa Bado Mikononi mwa Printa

Mnisamehe makosa ya tahajia na mwandiko huu mbaya. Nilisoma shule ya msingi tu, na kuandika kwa kalamu hunichukua muda. Kwenye kompyuta nilikuwa mwepesi zaidi, labda kwa sababu haikutazami usoni.

Mwaka 1992 mjomba wangu alikuwa fundi cherehani katika mtaa wa Kabeza. Kando ya cherehani aliweka kompyuta iliyotumika, aliyoitoa Bujumbura, tukawa tunachapa kadi za harusi na matangazo ya misiba. Printa ilikuwa ya polepole, na kila ilipochapa, kompyuta nzima ilisimama kuisubiri. Ndipo nikaandika maktaba ndogo ya programu, yaani mkusanyo wa maagizo ya kompyuta, ya ngazi ya chini kabisa, inayozungumza na mashine yenyewe. Unaipa printa maneno, nayo inayachukua herufi moja moja huku wewe ukiandika mengine.

Ilifanya kazi vizuri hadi zamu ya kadi za dada yangu. Harusi yake ilikwisha kuahirishwa mara moja kwa ajili ya vita vilivyokuwa vikiendelea nchini. Shangazi wa bwana harusi alikuja kuzichukua kadi azigawe Ijumaa.

Kadi ya kwanza ikiwa katikati, dada akasema, "Simamisha, saa imekosewa."

Nikasimamisha. Wao walipokuwa wakikubaliana saa, nikaanza kuandika tangazo la msiba la jirani. Kumbe printa ilikuwa bado inachota maneno palepale kwenye kumbukumbu ya kompyuta nilipokuwa nikiandika. Karatasi ikatoka: "Tunawaalika kwenye harusi ya binti yetu mpendwa, aliyefariki jana asubuhi."

"Astaghfirullahi!" shangazi akasema. "Mmemzika lini?"

"Ni mashine tu, mama," mjomba akamjibu.

"Mashine iliyomuua bibi harusi leo itamuua na kesho. Hizi sizipeleki kwa kaka yangu, baba wa bwana harusi. Ataona mkosi, aahirishe tena."

Dada akaanza kulia. Akalivuta gauni lake la harusi, ambalo mjomba alikuwa akilishona, kutoka kwenye cherehani.

"Acha!" mjomba akamzuia. "Sindano bado imo ndani. Utalichana!"

Hapo nikaelewa: printa nayo ilikuwa bado imeyashika maneno nilipoyagusa. Nikamwomba shangazi asubiri, nikabadilisha maktaba: maneno yakishakabidhiwa printa, hakuna kuyagusa wala kuandika juu yake, hata ukisimamisha, mpaka printa itoe ishara kwamba imeyaachia. Maneno mapya yapewe mahali pengine.

"Haya, andika msiba uleule nione," shangazi akasema.

Nikachapa, nikasimamisha, nikaandika msiba. Maandishi ya kadi yakaishia kwenye jina la dada, bila neno la ziada. Nikachapa nyingine nzima, yenye saa sahihi. Shangazi akaisoma hadi mwisho.

"Alhamdulillahi, amefufuka," akasema. "Mwanangu, nawa uso, kisha unisaidie kuzikunja."

Jambo moja bado linanisumbua: ukisimamisha kazi, je, lazima uisubiri mashine iachie, au kuna njia nyingine iliyo salama? Siku zile niliona haya kuuliza. Kama mmewahi kuandika kitu cha namna hii, tafadhali niandikieni mlivyofanya, hata mistari miwili tu.