Mwaka Alioanguka Fundi Makochi

Bahasha ilifika Jumatatu ikiwa na muhuri wa bunge la jimbo. Fundi Makochi aliipasua kwa kisu kilekile anachokatia sponji, akasoma amesimama, akasoma tena ameketi, kisha akamwita mkewe.

"Mama Mwalimu, hebu njoo. Hawa watu wananiambia habari zangu, na mimi sizijui."

Bunge lilikuwa linatengeneza kitabu cha wajumbe wote waliowahi kukaa humo. Kila mmoja alitumiwa maelezo yake ayahakiki na kuyarudisha kabla ya Ijumaa. Ya kwake yalikuwa mistari minne tu. Uchaguzi wa kwanza: alichaguliwa. Wa pili: alipita bila kupingwa. Wa tatu: alianguka. Wa nne: hakugombea.

"Wa tatu nilishinda," alisema.

"Haya, Mheshimiwa," mkewe akajibu, akarudi kwenye nguo zake za kukunja.

Kabla ya uheshimiwa wote huo, alikuwa fundi tu. Karakana yake ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba, na mpaka leo ni hichohicho: meza ndefu yenye makovu ya mkasi, marobota ya kitambaa, springi zimening'inizwa ukutani, na harufu ya gundi inayokukaribisha tangu barabarani. Watu walileta makochi yaliyobonyea, wakakaa juu yake kusubiri, na wakati wa kusubiri wakasema yaliyowakera. Mtaro umeziba. Shule haina vyoo. Zahanati inavuja. Fundi aliwasikiliza kwa makini, na hakuwakatiza kwa sababu alikuwa na misumari midogo kumi mdomoni. Wao wakaona hapa ndipo alipo mtu mwenye masikio. Ulipofika uchaguzi wakamsukuma asimame, akasimama, akashinda. Mtaa mzima ukapata utani wa mwaka: fundi viti kapata kiti.

Wanasema siku ya kwanza bungeni alikibonyeza kiti chake mara tatu kabla ya kukikalia, akamnong'oneza jirani yake kwamba sponji ni ya hovyo. Hakuwa msemaji. Lakini mtaro ulizibuliwa, zahanati ikaezekwa upya, na vyoo vya shule vikajengwa, vinne vya wasichana na vinne vya wavulana. Hayo hakuna aliyeyabishia.

Kilichobishiwa ni hiyo mistari minne, na kilikuja wakati mbaya. Mwezi uliopita alikuwa amevisha kochi la mteja kitambaa nje ndani, maua yote yakaangalia sponji. Kabla ya hapo aliacha kopo la gundi wazi likakauka kama jiwe. Mwanawe, ambaye ni mwalimu wa hesabu na mtu wa kuweka kumbukumbu za kila kitu, alikuwa anayahesabu makosa hayo kimyakimya. Jumanne alasiri alikuja na neno lake.

"Baba, Jumamosi naleta gari. Mnahamia kwangu, wewe na Mama. Karakana tunaifunga."

"Unaifunga wewe kama nani?"

"Kama mwanao. Kichwa kimechoka, Baba. Siku moja utajikata na hicho kisu."

Fundi alimtazama mkewe amtetee. Mkewe alikuwa anatazama mikono yake mwenyewe. Mwalimu akaiona karatasi mezani, akaisoma, na babake akamwambia pale pale kwamba mstari wa tatu ni uongo, kwamba yeye alishinda, na anakumbuka alivyobebwa juu juu watu wakipiga kelele.

"Mama, kweli?"

"Mwaka ule alianguka, mbona," mama akasema. "Nani hajui?"

Mwalimu akashusha pumzi. "Basi tufanye hivi, Baba. Hii ni historia yako mwenyewe. Ijaze bila kuambiwa na mtu. Ukiijaza sawasawa, sifungui mdomo tena. Ukishindwa, Jumamosi gari."

Jumatano yote fundi hakupiga msumari hata mmoja. Alikaa kwenye kochi la mteja, karatasi magotini, akijaribu kutenganisha miaka. Alijiona anaapa, tena ameketi, wenzake wote wamesimama. Kwa nini aapishwe ameketi? Alijiona amebebwa. Halafu akajiona anarudi nyumbani peke yake kwa miguu, watu wanamsalimia kwa sauti ndogo kama wanaosalimia mgonjwa. Yote hayo yalimtokea, ana hakika, lakini yalikuwa yamechanganyikana kama vifungo ndani ya kopo moja. Serikali inasema alianguka. Mke aliyeishi naye miaka arobaini anasema alianguka. Mtu mmoja atashindana na wote hao? Alichukua kalamu aandike kwamba karatasi iko sahihi. Mkono ukakataa.

"Mama Mwalimu, hivi mimi nimekuwa mjinga?"

"Umekuwa mzee. Njoo ule."

Alhamisi mkamwana wake alikuja kuwasalimia, mtoto mgongoni. Ni mtu wa maneno machache yule, husikiliza zaidi kuliko anavyosema. Alimshusha mtoto, akamweka katikati ya mabaki ya sponji ambako hata akiporomoka hataumia, akamwona baba mkwe wake alivyokaa, mabega yamelegea. Akamgeukia mama.

"Mama, samahani. Baba alianguka wapi?"

"Wapi tena? Kwenye gari la matangazo! Alikuwa amesimama nyuma anapungia watu mkono, dereva akakanyaga breki ghafla, huyo chini. Mguu ukavunjika sehemu mbili. Wakambeba juu juu mpaka zahanati, na makelele yale, ungedhani wamebeba bwana harusi."

"Na kura?"

"Kura alipata. Si aliapishwa amekaa, mguu umefungwa plasta?"

Fundi akageuka kumtazama mkewe. Mtoto alikuwa anang'ata sponji, mpaka mamake akaichomoa kinywani.

"Wewe mwanamke," fundi akasema polepole. "Kwa nini unasema nilianguka?"

"Kwani hukuanguka?"

"Nilianguka! Lakini nilipita!"

"Sasa mimi nimesema hukupita? Hata yule kijana wa bunge aliyepiga simu mwezi uliopita nilimweleza vizuri. Nikamwambia uchaguzi wa tatu alianguka vibaya sana, ukiulizia majirani watakuambia."

Fundi alifunika uso kwa mikono. Mkamwana akadhani analia, kumbe anacheka, ila kicheko hakikufika mwisho, kilikatika njiani. Aliinua kichwa. Ikiwa ule wa tatu alishinda, basi ile safari ya kurudi nyumbani kwa miguu ilikuwa ya mwaka gani? Mkewe akainuka ghafla, akasema maji yamechemka. Hakukuwa na maji jikoni.

Ijumaa asubuhi Mwalimu alikuwepo karani wa bunge alipopiga simu. Fundi akaiweka sauti kubwa, maana masikio nayo si yale ya zamani.

"Mheshimiwa, tunafunga kitabu leo. Uchaguzi wa tatu niache hivyohivyo?"

"Hapana. Nilianguka, lakini nilipita."

"Samahani Mheshimiwa, ulianguka au ulipita?"

"Vyote viwili, kijana wangu. Nilianguka kwenye gari, nikapita kwenye kura. Niliapishwa nimekaa, plasta mguuni. Angalia picha zenu."

Upande wa pili zikasikika karatasi. "Ah. Kweli, kuna picha umekaa. Tulidhani umekataa kusimama."

Mwalimu akaichukua karatasi mezani, akausoma tena mstari wa tatu.

"Na wa nne andika vizuri," fundi akaendelea. Mkewe akamvuta shati kwa nyuma. Fundi akauondoa mkono wa mkewe. "Mmeandika sikugombea. Niligombea. Nilishindwa. Mimi elfu moja mia tisa na sita, mwenzangu elfu mbili mia tatu na arobaini. Matokeo yalibandikwa mlangoni, nikayasoma, nikarudi nyumbani kwa miguu. Na kochi la yule mama aliyenishinda lilikuwa hapa karakanani, jekundu, halijakwisha mkono wa kushoto. Nikalimaliza wiki ileile."

"Mheshimiwa, hii ya kushindwa tungeweza kuiacha tu. Hakuna atakayejua."

"Mimi ninajua. Jana nilikuwa sijui, leo ninajua. Andika kabla sijasahau."

Simu ilipokatika Mwalimu alimgeukia mamake. "Mama?"

"Kweli tupu," akasema mama, macho chini. "Mimi ndiye niliyemwambia karani hakugombea. Mwaka ule babako hakula siku tatu. Nilitaka kitabu kimpumzishe."

Mwalimu wa hesabu alisimama akijumlisha, na jumla haikumkubali. Karatasi ilikosea mara mbili, na mara zote mbili makosa yalitoka kwa mama, mwenye akili timamu. Mwenye kichwa kilichochoka ndiye aliyesahihisha.

"Basi," fundi akasema, akichukua misumari, "kesho uje na gari umchukue mama yako."

Mwalimu akacheka bila kupenda. Alizunguka karakana, akagusa springi moja, akafunika kopo la gundi lililokuwa wazi bila kusema chochote juu yake.

"Sileti gari, Baba. Jumamosi nitakuja mwenyewe tu, nikuangalie unavyofanya kazi."

"Karibu."

Akatoka. Fundi akamsubiri avuke kizingiti, akamwinamia mkewe.

"Hiyo Jumamosi anayosema ni lini?"

"Shusha sauti," mkewe akanong'ona, akimshika mkono. "Hajafika hata barabarani."