Vigongo vya Mzeituni wa Nyanya

Wiki hii ghala letu hapa Ras Al Khor, katika mji wa Kiarabu nilikokuja kutafuta kazi, limepata oda ya vigongo vya besiboli kutoka chuo kimoja, na mkuu wetu ameniomba nilinganishe gharama za mbao na za alumini. Nimefanya hivyo kwa utaratibu, ingawa nimechoka. Cha alumini ni ghali kukinunua. Cha mbao ni ghali kukaa nacho, maana hupasuka na kudai kingine.

"Dada, waambie wachukue mbao," akasema Mtanzania tunayepakia naye mizigo. "Vikivunjika tunachemshia chai."

"Humu ghalani? Utatufukuzisha kazi sote, kaka."

Akacheka. Mimi nikabaki nimeshika kigongo kimoja, nikinusa mbao.

Kwetu, nyanda za juu za Kenya, wasichana tulicheza raunda, mchezo wa kupiga mpira na kukimbia vituo, kama mdogo wake besiboli. Fundi wa kuchomelea vyuma sokoni alikubali kututengenezea kigongo cha bomba la maji, lakini mwalimu alisema shule haina pesa. Mbao zilikuwa za bure. Ndivyo alivyosema, na mbao zenyewe zilikuwa mzeituni wa porini wa nyanya yangu, wa mwisho uliobaki katika kilima chetu.

Nyanya aliuhitaji kwa maziwa. Alichoma ncha ya tawi mpaka ikawa kaa jekundu, akasugua nayo ndani ya kibuyu, moshi mtamu ukajaa jikoni, kisha akamimina maziwa na kuyaacha siku kadhaa yagande. Yalitoka na rangi ya majivu, yakiwa makali kidogo, na tuliyanywa na ugali wa moto.

Kila kigongo kilipopasuka, mwalimu alipanda kwetu, akasalimia kwa heshima, akaondoka na tawi. Jirani alimwonya nyanya kwamba mti utakufa. Lakini nyanya alijua kwamba shule moja ya upili ilichukua wasichana waliocheza vizuri, nami sikuwa na njia nyingine ya kuendelea na masomo.

"Tawi huchipuka," alijibu. "Mwaka wa mtoto haurudi."

Shule hiyo ilinichukua. Mti haukuchipuka.

Niliporudi likizo ya kwanza, vibuyu vilikuwa vimening'inia ukutani, vikavu. Nyanya alinimiminia maziwa kutoka kwenye mtungi wa plastiki. Yalikuwa meupe kabisa. Nikanywa, nikamwambia ni matamu.

"Usinidanganye," akasema bila hasira. "Wewe kunywa tu, unieleze umesoma nini."

Nikamweleza mpaka moto ukafifia. Nyanya ameshafariki, na kilima chote sasa ni mikaratusi. Wanangu huko nyumbani hunywa maziwa ya pakiti na kuyasifu. Nikijaribu kuwaeleza kwenye simu ladha ile ya majivu, wananiuliza kwa nini tulikuwa tunachafua maziwa.